Spana Iliyokosekana Ubaoni

Mama hakuwahi kuwasha gari letu kabla ya kutia saini.

Kitabu kilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa banda, penseli kwa uzi pembeni yake. Kilikuwa daftari la kawaida la shule ambalo baba alilipiga mistari kwa rula: tarehe, kazi iliyofanywa, jina la fundi, jina la dereva. Ukurasa wa pili ulikuwa na safu mbili tu. Moja ya kasoro alizoziona dereva safarini, na nyingine, mkono wa kulia, ya visanduku vidogo ambamo fundi aliandika jina lake kuthibitisha kwamba kasoro imeondolewa. Kisanduku kikiwa kitupu, gari halitoki. Hata kama kasoro yenyewe ni dirisha linalogoma kufungika.

Utaratibu huo baba alirudi nao kutoka vitani. Kikosini kwao kila ndege ilikuwa na fundi wake, na kabla ya kuruka fundi ndiye aliyetia saini kwanza: nimeikagua, ni nzima. Rubani alitia yake chini: nimeipokea. Kuanzia hapo ndege ilikuwa ya rubani, na lolote ambalo lingemkuta huko juu lilikuwa lake. Lakini jina la fundi lilibaki pale juu yake, na ndege isiporudi, karatasi ilikuwa bado ipo.

Majirani walituona vituko. Bwana Relf wa nyumba ya pili, aliyekuwa na gari la kusambazia mboga, hakupita bila kuchokoza.

"Olive, umeshapewa kibali cha kupaa?"

"Nimepewa," mama alimjibu, huku akivaa glavu. "Ila upepo ukigeuka nitatua juu ya paa lako."

Kilichowachekesha zaidi ni kwamba baba mwenyewe hakuendesha. Ellis Akehurst, mtoto wa mhunzi wa kijiji, aliyerusha ndege za vita juu ya Kent, kusini mwa Uingereza, kiangazi kile cha mwaka arobaini, alipelekwa sokoni na mkewe, kofia yake magotini kama mgeni aliyepewa lifti. Leseni aliihuisha kila ilipokwisha. Usukani hakuugusa.

"Mtu alikimbizana na Wajerumani mawinguni," Relf alisema siku moja akiwa ameegemea geti letu, "leo anaogopa ng'ombe barabarani."

"Ng'ombe hatabiriki, Relf," baba alisema bila kuinua kichwa. "Mjerumani alikuwa na ratiba."

Alikuwa mtu wa maneno machache, mwembamba, mwenye mabega yaliyoinama kidogo mbele kana kwamba bado amekaa mahali penye paa la chini. Siku za kazi alitunza pampu za maji za wilaya. Jumamosi alitengeneza gari. Wanaume wote wa njia yetu walifanya hivyo: ukipita adhuhuri ungeona miguu imechomoza chini ya magari, redio zikisoma matokeo ya mpira, na wake zao wakiweka vikombe vya chai juu ya boneti. Gari lililokwenda kwa fundi wa mjini lilikuwa aibu ya nyumba, sawa na kununua mkate wakati una unga.

Lakini wenzake walitengeneza kwa kelele, wakitukana boliti na kuazimana jeki. Baba alitengeneza kimya kimya, akihesabu. Ukutani alikuwa na ubao mpana, na juu yake kila chombo kilikuwa na kivuli chake kilichochorwa kwa rangi nyeupe: spana kwa ukubwa wake, nyundo mbili, koleo, bisibisi, hata kipande cha waya cha kuzibulia. Vyombo arobaini na vitatu. Alivihesabu kabla ya kuanza na akavihesabu alipomaliza, kwa sauti, akikigusa kila kimoja kwa kidole cha shahada. Matambara pia aliyahesabu. Tulizoea. Kila nyumba iliyompokea mwanamume kutoka vitani ilipokea na kitu kingine pamoja naye. Wengine hawakuweza kukaa wameupa mlango mgongo, wengine walikunywa. Sisi tulikuwa na mtu anayehesabu, na mama alisema tumebahatika.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimerudi kutoka chuoni kwa sababu ya shangazi Thirza.

Namwita shangazi kwa mazoea. Alikuwa dada mkubwa wa mama, na ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Alikuwa amelazwa Hastings tangu Oktoba, mapafu yakijaa maji. Mama alimwendea kila Jumatano na Jumapili. Maili ishirini kwenda, ishirini kurudi, na kila safari saini mbili kitabuni.

Jumapili ninayoisema ilikuwa ya pili ya Novemba mwaka sitini na moja, Siku ya Kumbukumbu ya waliokufa vitani. Ukungu ulikuwa umetelemka usiku na haukuondoka. Kutoka jikoni tuliliona geti, na baada ya geti hatukuona kitu. Relf alikuwa ameondoka mapema, amebandika ua jekundu la karatasi kifuani, akiwabeba wakongwe wa vita wa njia nzima kwenda kwenye mnara wa mjini. Alimwita baba, kama alivyomwita kila mwaka. Na baba, kama kila mwaka, alijibu kwamba ana kazi ya breki.

Ni kweli. Siku ya Kumbukumbu ilikuwa siku yake ya breki. Sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Saa nne na dakika kumi Bi Catt wa dukani, mwenye simu pekee iliyokuwa karibu, alikuja na baiskeli, nywele zimelowa ukungu.

"Hospitali wamepiga," alimwambia mama pale mlangoni. "Nesi amesema uje sasa hivi. Amesema usingoje saa ya kutazama wagonjwa."

"Amesema hivyo?"

"Amesema hivyo mara mbili, mpenzi."

Mama hakulia. Alivua aproni, akavaa koti la bluu na kofia, akaniambia nichukue shali ya Thirza ya kijivu. Tulipofika bandani baba alikuwa amemaliza. Kwenye gari letu chupa ya mafuta ya breki ilikuwa chini ya sakafu, miguuni pa dereva: unainua zulia, unafungua bamba la chuma, ndipo unaifikia pamoja na mikono ya pedali. Bamba lilikuwa limeshafungwa, zulia limetandikwa. Baba alikuwa amesimama mbele ya ubao, kidole hewani.

"Ellis, Thirza anatutoka," mama alisema. "Nipe penseli."

Hakugeuka. "Arobaini na mbili," alisema.

Nilitazama ubaoni. Katikati ya safu ya spana palikuwa na kivuli cheupe kisichokuwa na chuma juu yake. Spana ya nusu inchi.

"Iko kwenye nyasi huko," mama alisema.

"Sikutoka nje."

"Basi iko mfukoni mwako."

Aligeuza mifuko yote, polepole, akatuonyesha bitana zake. Kisha akapiga magoti, akainua zulia, akafungua bamba, akaingiza taa ya mkononi na kichwa chake. Tulisimama. Tulimsikia akipapasa huko chini, kucha zikikwangua chuma. Akatoka, akalala chali chini ya gari. Akatoka, akafungua boneti. Akaondoa viti. Nilimsaidia kutazama chini ya benchi, ndani ya makopo, ndani ya matambara, ambayo yalikuwa tisa na yote tisa yalikuwepo. Ukungu uliingia mlangoni ukasimama nasi.

Mama alitazama saa ya mkononi. "Ellis, ni spana tu."

"Si spana tu."

"Unavyo vyombo vingine arobaini na viwili."

"Hivyo najua viko wapi," baba alisema.

Nusu saa ikapita. Hapakuwa na gari jingine njia nzima. Yote yalikuwa mjini, mnarani. Basi la Jumapili lilipita saa kumi. Mama alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mkoba magotini, amenyooka. Aliongea kwa sauti ya chini, na sauti hiyo iliniogopesha kuliko angepiga kelele.

"Alinifundisha kusoma. Alininunulia viatu vya harusi. Yule mtu anakufa, Ellis, na wewe unahesabu vyuma."

Baba alikuwa kifudifudi, mkono mzima umo sakafuni mwa gari. Aliendelea kupapasa.

Saa tano kengele ya kanisa ikalia, na baada yake ukaja ule ukimya wa dakika mbili ambao nchi nzima huushika siku hiyo. Hata kunguru walikuwa wamenyamaza ndani ya ukungu. Baba aliutoa mkono wake taratibu na kubaki amepiga magoti, kichwa chini, mafuta meusi yakimtiririka hadi kwenye kiwiko. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akiuheshimu ukimya ule. Au labda kila mwaka aliuheshimu hivyo hivyo, humo bandani, na hatukuwa tukimwona.

Kengele ilipolia tena, mama alisimama, akakishika kitabu, akachukua penseli.

"Natia saini."

"Hakuna jina la fundi juu ya lako."

"Nitaliandika mwenyewe."

Baba aliinuka, akaweka kiganja chake chote juu ya ukurasa. Aliacha alama nyeusi ambayo ipo mpaka leo.

"Nilikuwa na bisibisi," alisema.

Mama alisubiri.

"Ndogo, mpini wa mbao. Ya baba yangu. Rubani hatakiwi kugusa ndege kwa chombo, hiyo ni kazi ya fundi, lakini mimi nimezaliwa kwenye kiwanda cha mhunzi na mikono ilinisumbua. Nilikuwa naibeba kwenye mfuko wa kifuani. Asubuhi moja ya Agosti kuna kitu kilikuwa kinagonga chini ya kiti changu. Kibano kimelegea. Kumwita Tickner, fundi wangu, nikaona usumbufu, alikuwa anakunywa chai. Alikuwa hajalala siku mbili yule mtu. Nikaingiza mkono mwenyewe, nikakaza. Mara lori likapiga honi. Nilikuwa nimepewa ruhusa ya siku moja, na lori la stesheni halingoji. Nikaruka nikakimbia."

Alikuwa akiyatazama mafuta mkononi mwake.

"Alasiri Yelland alipewa ndege yangu. Mtoto wa Devon, miaka ishirini hajafikisha, alikuwa anatuchekesha kwa kuigiza kuku. Wachuma hopi za kutengenezea bia walimwona. Alishuka kutoka mawinguni, pua chini, na hakuinuka. Hapakuwa na Mjerumani karibu naye. Alijichimbia kwenye tope la bondeni futi ishirini. Hawakumtoa. Mimi nilikuwa kwenye treni, natafuta bisibisi nifungulie kopo la tumbaku, mfukoni haimo."

"Huenda iliangukia nyasini," mama alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Huenda. Nimesema hivyo kila siku. Huenda iliangukia nyasini, huenda kwenye lori. Chini ya kile kiti, Olive, ndimo inamopita mitambo ya fimbo ya kuinulia ndege. Kitu chembamba kama kidole kikikaa vibaya, unavuta na haiji."

"Na Tickner?"

"Jina lake lilikuwa kwenye karatasi. Walimuuliza kama alihesabu vyombo vyake, akasema alihesabu na vilitimia. Hawakumwamini. Wakamvua cheo, wakampeleka kaskazini kufagia mabanda. Alipoondoka alinipa mkono. Alinipa pole kwa kupoteza ndege yangu."

"Hukumwambia."

"Sikumwambia mtu."

Mama alikuwa ameirudisha penseli kwenye uzi wake bila kujijua. Alimtazama kwa muda mrefu, na nilifikiri atamshika. Hakumshika.

"Miaka ishirini tumelala kitanda kimoja, wewe, mimi na huyo kijana," alisema. "Nitamlilia, Ellis. Nakuahidi nitamlilia. Lakini yeye ameshakufa, na mimi nina mtu ambaye bado anapumua. Tia saini au nipishe."

Baba alifuta mikono. Alirudisha viti, akafunga bamba, akatandika zulia. Aliandika jina lake pale pa fundi. Kisha, badala ya kumpa penseli, aliandika jina lake tena, chini yake, pale pa dereva.

"Hujaendesha tangu vita," mama alisema.

"Kama kuna kitu humo, nataka kiwe chini ya mguu wangu."

Tukaondoka saa sita kasoro dakika ishirini.

Aliendesha vizuri, hilo ndilo lililonishangaza. Mikono yake ilikuwa myepesi juu ya usukani, macho yakihama kutoka barabarani kwenda kwenye kioo, na kutoka kwenye kioo kwenda juu, angani, ambako hapakuwa na chochote cha kutazama isipokuwa weupe. Hakuzidi maili ishirini na tano kwa saa. Mama alikaa kando yake. Mimi nilikuwa nyuma na shali ya shangazi. Ua wa miti ulitokea pembeni mwa barabara na kupotea, ukatokea na kupotea.

Tulikuwa hatujamaliza maili ya sita nilipousikia. Mlio mdogo, mkavu, kama jino likigonga ukingo wa kikombe. Baba aliinamisha kichwa.

"Ni jeki," mama alisema haraka.

"Jeki nimeiacha bandani."

Tulipokata kona ya kushoto mlio ukaenda mbali. Kona ya kulia, ukarudi. Baba aliegesha pembeni, akafungua bamba, akatafuta. Dakika tisa, nilizihesabu kwenye saa ya mama, ambaye hakuiondolea macho. Hakuona kitu. Tukaendelea, na kwa maili kadhaa kukawa kimya. Kisha ukaanza tena, na sasa ulikuwa karibu zaidi.

"Usisimame," mama alisema.

"Olive."

"Nakuomba. Usisimame tena."

Hakusimama. Nadhani hilo ndilo tendo gumu kuliko yote niliyowahi kumwona akifanya. Aliendesha huku akisikiliza, kama mtu aliyelala gizani akisikiliza hatua sebuleni, na jasho lilikuwa limemlowesha kola.

Kabla ya kufika Brede barabara huteremka ghafla kuelekea bondeni. Baba alikanyaga breki tukiwa juu kabisa, kujaribu, na gari likatii. Tukaanza kushuka. Katikati ya mteremko alikanyaga tena, na niliona bega lake likishtuka. Pedali ilikuwa imefika nusu na kukataa.

Mkono wake wa kushoto ulirudisha gia ya tatu, kisha ya pili, injini ikalia kwa uchungu; kisha ukaipandisha breki ya mkono, jino baada ya jino, bila haraka. Alilisogeza gari kushoto mpaka magurudumu yakapanda ukingo wa udongo na matawi yakaanza kukwangua milango kwa kelele ya kuchana nguo. Tulikwenda hivyo, tumeinama upande, mpaka tukasimama. Injini ikazimika.

Mbele yetu, hatua kama tano, ukungu ukaanza kusogea. Ulikuwa na pembe. Ng'ombe walikuwa wakivuka barabara kutoka shamba moja kwenda jingine, mmoja baada ya mwingine, bila hata kutugeukia, na nyuma yao alikuwa mwanamke mwenye buti ndefu na fimbo, ambaye alitupungia mkono kutushukuru kwa kuwangoja.

Baba alinyanyua zulia. Safari hii hakuhitaji taa. Aliingiza mkono na kuutoa mara moja, na katika kiganja chake ilikuwemo spana ya nusu inchi. Ilikuwa imelala ndani ya fremu ya gari, mahali ambapo mkono haufiki, na kona za njiani zikaisogeza kidogo kidogo mpaka mteremko ukaitumbukiza kati ya mkono wa pedali na sakafu. Aliisahau mwenyewe, asubuhi, akiwaza labda yale aliyoyawaza kila Siku ya Kumbukumbu.

Aliigeuza huku na huku. Nilitarajia afurahi kwamba alikuwa sahihi. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyefungua barua ya kale.

"Kumbe inawezekana," alisema.

Wakati huo sikuelewa vizuri. Sasa naelewa. Kwa miaka ishirini na mmoja alikuwa na neno "huenda", na aliishi ndani yake kama watu wanavyoishi kwenye nyumba mbovu, kwa kuwa ni nyumba. Sasa alikuwa ameishika mkononi ile njia ambayo kitu kidogo hupita hadi mahali kinapoua. Hakuna aliyemthibitishia habari za Yelland, wala hakuna atakayethibitisha. Lakini ile nyumba ilikuwa imeanguka.

"Ellis," mama alisema. "Twende."

Alijaribu kuwasha. Mikono, iliyokuwa imetulia mteremko mzima, sasa haikuweza kushika ufunguo. Mama alishuka, akazunguka, akamfungulia mlango. Walibadilishana viti bila kutazamana. Safari yote iliyobaki baba alikaa na ile spana mapajani, ameifunika kwa kofia.

Tulifika saa saba na dakika ishirini na tano. Nesi alikuwa akitungoja ukumbini, na alipomwona mama alivua miwani. Thirza alikuwa amefariki saa saba kasoro kumi.

"Hakuteseka mwishoni," alisema. Kisha, kwa sababu alikuwa kijana na alidhani ni jambo la kufariji: "Aliuliza mara mbili kama lile lililosimama nje ni gari lenu."

Mama aliingia peke yake na shali. Baba alibaki ukumbini, amesimama wima karibu na ukuta, kama mtu aliyeitwa mbele ya baraza na baraza bado halijafika.

Tuliporudi nyumbani mwanga ulikuwa unakwisha. Mama aliliingiza gari bandani, akazima, akashuka na kofia yake bado kichwani. Baba aliitundika spana juu ya kivuli chake. Arobaini na tatu. Mama alikifungua kitabu ukurasa wa pili, na katika safu ya kasoro akaandika, kwa ule mwandiko mzuri aliofundishwa na dada yake: Tulichelewa dakika thelathini na tano. Akaachia penseli, ikabembea kwenye uzi. Hakuandika kwa hasira. Dereva huandika alichokiona, ndiyo kazi ya dereva, naye aliifanya.

Kisha akaingia ndani kupika chai.

Baba alisoma. Alisimama pale mpaka nilipoondoka.

Gari halikutoka wiki ile, wala iliyofuata. Mazishini tulikwenda na Relf, ambaye kwa mara ya kwanza alikosa mzaha. Safari nyingine zote mama alipanda basi. Jumamosi baba aliingia bandani, akahesabu, akakaa juu ya ndoo na kitabu wazi magotini, penseli mkononi, mbele ya kisanduku kile kitupu. Alijua gia, alijua breki, alijua pampu za maji za wilaya nzima. Kasoro ile hakuijua dawa yake, na hakuwa mtu wa kutia saini kwenye kazi ambayo haikufanyika. Si mara ya pili.

Januari alimwandikia Tickner, kurasa nne, kupitia chama cha wakongwe. Jibu lilitoka kwa binti yake, aliyeishi Sunderland. Baba yake alifariki mwaka hamsini na tatu. Binti huyo alishukuru kwa barua. Alisema hakuelewa yote yaliyomo kuhusu ndege, kwa kuwa baba yake hakuwahi kuzungumzia vita, ila kuna jambo moja sasa amelielewa: kila baada ya mlo alikuwa akihesabu vijiko, vyote, hata vya wageni, na watoto walimcheka.

Baba alimsomea mama barua ile mezani, mara moja, akaikunja.

Masika yalipofika Relf alilivuta gari kwa kamba hadi kwa mtu wa Rye aliyetaka vipuri. Ubao ulibaki, na vyombo vyake vyote, na kitabu kwenye msumari wake. Baba aliishi miaka kumi na mmoja zaidi, na sidhani kama kuna Jumamosi aliyoacha kukifungua. Mama hakuwahi kumwambia atie saini. Naye hakuwahi kumwambia afute aliyoyaandika.